Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Bagamoyo

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum, na Bwana asifiwe.

Ada zimekusanywa, vikao vimefanyika, na hesabu atazisoma mhazini. Mimi naomba tukae kwenye jambo moja, andiko letu la ruzuku, kwa sababu lilikataliwa na mfadhili, na naamini alikuwa na haki kulikataa.

Tuliomba skana, kompyuta mbili na rafu za chuma. Mfadhili alirudisha swali: nani atavitumia, na mshahara wake utatoka wapi? Hatukuwa na jibu. Swali hilo liliniuma, maana mji wetu una Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka tangu mwaka 1989. Vijana wanafundishwa kazi ya maktaba na nyaraka hapa hapa, tunapishana nao njiani. Wakimaliza, wengi tunawakuta kwenye vibanda vya kutuma pesa, na maktaba za shule walizofanyia mazoezi zimegeuka stoo za madawati mabovu.

Mnakumbuka ofisi iliyotuita wakati wa masika. Kijana wa masijala, yaani chumba cha mafaili, ambaye hakuwahi kufundishwa kazi ile, alikuwa ameyapanga mafaili kwa rangi ya majalada ili kabati lipendeze. Alikuwa na nia njema kabisa, wala simlaumu. Lakini namba zilivurugika, barua ya kiwanja ikawa kabati hili na majibu yake kabati lile. Pini zilikuwa zimeshika kutu kwa hewa ya bahari, zinatoboa karatasi. Wenzetu wawili walishinda pale siku nyingi, wakichomoa pini moja moja na kurudisha kila faili kwenye mfuatano wake wa awali. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka tunayo tangu mwaka 2002. Wa kuitekeleza ni yule kijana wa masijala, na hakuna aliyemsomesha.

Wenzetu wa Marekani walipoona wakutubi wengi wanakaribia kustaafu, taasisi ya serikali yao inayosimamia makumbusho na maktaba ilianza mwaka 2003 kutoa ruzuku za kusomesha wakutubi na kuwavutia wapya. Mpango huo ulipewa jina la Laura Bush, mke wa rais wa wakati ule, ambaye mwenyewe alisomea ukutubi. Nimeupenda kwa sababu ulianza na mtu. Lakini Machi 2025 rais wao alitia saini amri ya kuipunguza taasisi hiyo, kwa hiyo nasi tusitegemee mfuko mmoja.

Hata hapa nchini tuna mfano. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizoko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Zilikuwa zimeshapangwa na wahifadhi waliotoka Ujerumani, na orodha yao ilichapishwa Marburg mwaka 1973. Msaada ule ulikuja kama watu wenye ujuzi, wanaoweza kusoma mwandiko wa zamani. Leo nataka vijana wetu wenyewe waweze kuusoma.

Andiko jipya linaomba ada ya astashahada kwa vijana wachache, na posho ya mwaka mmoja wakiwa kazini, shuleni au masijala. Vifaa tumeviacha hadi mwisho. Kila mwajiri atakayempokea kijana atoe kwanza barua ya kuahidi kumwombea nafasi kwenye ikama yake, yaani idadi ya watumishi anaoruhusiwa kuajiri. Baadhi yenu mliona sharti hili ni gumu, kwamba litatukosesha shule za kuwapokea. Nimelifikiria tena na bado nalishikilia: tukisomesha bila nafasi ya ajira, tutawarudisha vijana wetu kwenye vibanda vile vile, safari hii wakiwa na cheti.

Barua zilizokwisha kupatikana ziko kwa katibu. Anayefahamiana na mwalimu mkuu au ofisa utumishi aliye tayari, aniletee jina leo kabla hatujafunga mkutano.