Faili lisilofutika si jini, mafundi wetu punguzeni kutupigia Windows

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mie mtu wa Chake Chake, nna kisteshenari changu cha kutoa kopi na kuwachapia watu makaratasi yao, na jambo ninalotaka kulisema ni dogo tu lakini limenikaa rohoni tangu Mfungo Sita mpaka leo.

Nna jirani yangu, bibi mtu mzima, ana laptopu aliyoletewa na mwanawe anaeishi Muscat. Bibi mwenyewe haitumii kwa kuandika wala nini, kazi yake ni moja, jioni mjukuu anamfungulia anatizama picha za marehemu mumewe na anasikiliza sauti yake akisoma maulidi, basi. Mfungo Sita huu yule mjukuu akataka kumtilia video ya maulidi ya mtaani kwao, akairusha kwa Bluetooth kutoka kwenye simu, katikati ikakatika. Kilichobaki ni faili moja pale juu ya deskitopu, halifunguki, na ukilifuta halifutiki. Kila akifungua laptopu lipo linamtizama. Bibi wa watu akaingia wasiwasi, kisha wenzake wakamwambia hicho kirusi hicho kitakula kila kitu, akaichukua akaipeleka kwa fundi mjini.

Fundi, kijana tu, kaitizama dakika mbili akasema hii ina virusi bibi, inataka kupigwa Windows. Ikapigwa, yaani ikafutwa yote ikatiwa upya Windows, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, na elfu ishirini ikatoka. Laptopu imerudi nyeupe kama imetoka kiwandani, faili halipo kweli, na mume nae hayupo. Picha zote, sauti yote, hakuna hata kimoja. Nlipomuuliza kwani hukumwambia akutolee vitu vyako kwanza, akanijibu "mwanangu, mie ningejua hayo si ningefanya mwenyewe, nlimpelekea fundi". Nikakosa la kusema.

Sitaji duka wala mtaa, sina ugomvi na mtu na najua vijana wanatafuta riziki. Lakini nnasema kwa sababu jambo linalofanana na lile lilishanifika mie, na dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa maandishi, wala hauuzwi.

Yangu ilikuwa hivi. Kompyuta yangu ya dukani ni ya mezani, haina Bluetooth yake, nimeichomekea nyuma kidude kile kidogo cha Bluetooth ambacho kilikuja na CD ya programu yake. Wateja wangu wengi hawataki kumaliza bando kwa kunitumia kazi, wanarusha kwa Bluetooth, ni bure. Sasa Bluetooth nayo ina tabia zake, ya simu zetu hizi nguvu yake kama mita kumi, na ukuta mnene wa mawe unaipunguza zaidi, na spidi yake ndogo, mega mia moja inakula dakika sita na zaidi hata mambo yakienda sawa. Watu hawana subira hiyo. Kaja mwalimu mmoja wa skuli na risala ya mahafali, kaanza kuirusha pamoja na mapicha yake kadhaa, kisha simu akaitia mfukoni akatoka kwenda barazani kunywa kahawa! Namwita mwalimu rudi, mwalimu anafikiri namuaga, ananipungia mkono.

Basi ikakatika. Likabaki faili linaitwa "risala ya mgeni rasmi" na mwisho wake nukta, zile herufi za doc baada ya nukta hazipo. Ukubwa wake sifuri. Nikalifuta, kompyuta ikaniambia kitu hichi hakipo tena mahali hapa, hakikisha kilipo ujaribu tena. Na mie nnakiona kwa macho yangu! Ilikuwa kama yule mtoto anaetumwa mlangoni mdai akija, anatoka anasema "baba kasema hayupo". Nikalibadilisha jina, halikubali. Nikalihamisha, halihami. Nikazima nikawasha, lipo. Nikapitisha antivairasi usiku mzima, haikuona kitu, na haikuona kwa sababu hamna kitu, faili la ukubwa sifuri litakuwa na kirusi wapi?

Siku ya pili ndio nikaja kufahamu, na hapa ndipo nnapotaka wenzangu wasome polepole. Windows tangu zamani ina desturi moja, ukiipa jina la faili linaloishia kwa nukta, au linaloishia kwa nafasi tupu, yenyewe inaikata ile nukta kwanza kisha ndio inakwenda kutafuta. Kwa hiyo mie nikibonyeza kufuta "risala ya mgeni rasmi." yenye nukta, yenyewe inakwenda kutafuta "risala ya mgeni rasmi" isiyo na nukta, hailioni, inarudi inaniambia hakipo. Haisemi uongo masikini, jina hilo kweli halipo. Ila kuna programu nyingine, na ile ya kidude changu ilikuwa moja yao, zinapita mlango wa nyuma na kuliandika jina kama lilivyo na nukta yake, diski inalipokea, halafu mlango wa mbele hauwezi tena kulifikia.

Dawa ni kuiambia Windows isisafishe jina, ilichukue kama nilivyoliandika. Unashika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, kinatoka kidirisha, unaandika cmd, unabonyeza Enter, unafunguka ule ukurasa mweusi ambao watu wanauogopa bure. Pale unaandika:

del "\\?\C:\Users\Duka\Desktop\risala ya mgeni rasmi."

Pale palipoandikwa Duka unatia jina la mtumiaji wa kompyuta yako, na kama hujui faili lako liko njia gani liguse kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, utaikuta njia yenyewe imeandikwa kwenye Location. Ndugu Mhariri nakuomba sana, mwambie mchapaji asiuguse mstari ule. Mikwaju ni ile inayolalia nyuma, mwanzo iko miwili, kisha alama ya kuuliza, kisha mmoja, na ile nukta ya mwisho kabla ya kufunga alama za usemi si makosa ya chapa, nukta ndio ugonjwa wenyewe! Akiitoa yeye kwa kunisaidia atakuwa kafanya lile lile linalofanywa na Windows.

Nikabonyeza Enter. Ukurasa haukusema kitu, ukashuka mstari tu. Nikatizama deskitopu, limetoka. Wallahi nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akauliza kuna nini.

Kama jina lina herufi za ajabu ajabu huwezi kuliandika, upo ujanja mwengine. Pale pale kwenye ukurasa mweusi andika cd Desktop, Enter, kisha dir /x, Enter. Itakuorodheshea mafaili na pembeni yake majina mafupi ya mtindo wa kizamani, kitu kama RISALA~1, basi unaandika del na hilo jina fupi na mambo yamekwisha. Kama jina fupi halipo pembeni ni kwamba diski hiyo imezimwa huduma hiyo, rudi kwenye njia ya kwanza. Na ikiwa lililogoma ni folda zima, badala ya del unaandika rd /s, halafu njia yake kwa namna ile ile, litakuuliza una uhakika, ujibu Y, na uwe na uhakika kweli mana huko hakuna ndoo ya taka, kikienda kimekwenda.

Sio kila faili gumu lina ugonjwa wa nukta lakini. Mara nyingi, na la bibi nnadhani lilikuwa hivi, faili limeshikwa tu. Urushaji umekatika lakini programu inayopokea haijakubali kwamba umekatika, imelikamata faili inasubiri sehemu iliyobaki, au ni video nusu na Windows yenyewe inajaribu kuisoma ili ikuoneshe kile kipicha kidogo, inaingia ndani haitoki. Hapo ujumbe wake ni mwengine, unaambiwa faili limefunguliwa kwenye programu nyingine. Zima Bluetooth, funga programu zote, jaribu tena. Ikishindikana, iwashe upya, na hapa msikilize vizuri, chagua Restart si Shut down. Tangu Windows 8 ukichagua Shut down kompyuta nyingi hazifi moja kwa moja, ile sehemu ya ndani kabisa inalazwa tu ili kesho iamke haraka, na kilichoshikwa na huko ndani kinaweza kuamka kimeshikwa vile vile. Restart ndio inayoua yote. Watu wanasema "nimezima nimewasha mara kumi", kumbe hajaizima hata mara moja.

Ikikataa na hapo, fungua ule ukurasa mweusi kwanza uuache wazi, kisha bonyeza Ctrl na Shift na Esc, inatoka Task Manager, tafuta Windows Explorer, iguse kwa kitufe cha kulia uchague End task. Deskitopu yote itatoweka, usipige kelele. Lifute faili kwa ule ukurasa mweusi, rudi Task Manager, chagua kuanzisha kazi mpya, andika explorer, kila kitu kinarudi. Mie mara ya kwanza nilipofanya hivi mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu akanambia "haya, ushaiua".

Ya flashi ni hadithi nyingine. Flashi iliyochomolewa bila kuagwa huku kitu kinaingia, au umeme umekatika kati kati, unakuta mafaili yenye majina kama maandishi ya Kichina, mengine yanasema ukubwa wake unaipita flashi yenyewe. Hapo kilichoharibika ni daftari la flashi linaloandika nini kiko wapi. Kopi kwanza kila kinachosomeka ukiweke pengine, kisha kama flashi imesoma E, andika kwenye ule ukurasa mweusi chkdsk E: /f. Vipande vilivyookolewa utavikuta kwenye folda linaloitwa FOUND.000, na si mara zote vinafunguka. Na wale wanaolalamika kwamba video kubwa ya harusi haiingii kwenye flashi na nafasi ipo, flashi nyingi zimetengenezwa kwa mfumo wa FAT32 na mfumo huo haubebi faili moja linalofika giga 4, hata flashi iwe ya giga 64, hamna cha kuirogea.

Kuna programu mitandaoni zinazojisifu kufungua faili lililoshikwa kwa kubonyeza mara moja. Nzuri zipo. Lakini kwa mtu asiejua anakozitoa mie namwambia aziache, nimeshaona vijana wanashusha moja ya kufutia faili moja, wanaamka asubuhi na programu saba ambazo hawakuziita. Na tena, si kila kisichofutika kifutwe. Ukilikuta faili limegoma kufutika ndani ya folda la Windows, limegoma kwa faida yako.

Sasa nirudi kwa mafundi, mana nyie ndio nnaowaandikia hasa. Sisemi kupiga Windows ni kosa, siku nyengine hakuna njia. Ila kabla hujapiga, muulize mwenye mali una nini humu, na kama ni mtu mzima asiejua kujibu usimuulize, vitoe tu. Diski ya nje moja dukani inatosha, unamkopia folda zake za picha na sauti, unamrudishia, ukitaka mtoze elfu tano ya juu atakushukuru. Dakika ishirini. Yule bibi angelipa elfu hamsini ingekuwa hivyo, na angelipa kwa furaha.

Nilimuomba ile laptopu nijaribu kuviokoa. Mafaili yakifutwa mara nyingi hayaondoki pale pale, yanakaa mpaka pale mahali pao pakaandikwa kitu kingine, ila yeye alikuwa keshawekewa Windows mpya juu yake na mafilamu kadhaa ya zawadi kutoka kwa fundi. Nimepata picha kumi na moja, mbili kati yake zimekatika nusu. Sauti sijaipata. Ninaendelea kutafuta kwa mtu wa Wete ambae marehemu alikuwa akisoma nae, huenda anayo kwenye kaseti, nimeahidiwa baada ya Ijumaa.

Kwa hapa Chake, mwenye faili lililogoma na hataki kujaribu mwenyewe anaeweza kunifikia aje, kazi hiyo sichukui pesa. Aje na chaja yake tu, na asubuhi asubuhi, umeme wetu mnaujua.

Wasalaam,
Mwenye steshenari,
Chake Chake, Pemba