Darasa likifurika, kusahihisha ndiko kunakokufa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie msongamano wa wanafunzi madarasani, jambo ambalo kila linapotajwa hujibiwa kwa hesabu ya madawati na vyumba, kana kwamba mtoto akishapata pa kukaa basi amekwisha kufundishwa. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na nimewahi kukabidhiwa madarasa ya watoto 40, ya 70 na hata ya 90. Watu wengi hudhani kwamba darasa likifurika kinachoharibika kwanza ni nidhamu. Mimi nimeona kinachokufa kwanza ni kusahihisha madaftari.

Tupige hesabu. Zoezi fupi, likisahihishwa kwa makini, huhitaji walau dakika mbili kwa kila daftari. Darasa la watoto 35 litamchukua mwalimu saa moja na dakika kumi. La watoto 90 litamchukua saa tatu kamili, kwa somo moja, kwa siku moja, na mwalimu wa shule ya msingi ni nadra kuwa na somo moja. Ndipo mwalimu ambaye wala si mvivu anapoanza kupunguza: badala ya insha anatoa maswali ya kuchagua herufi ya jibu, badala ya mazoezi matano kwa wiki anatoa mawili, na hatimaye anawaambia watoto wabadilishane madaftari wasahihishiane huku yeye akiandika majibu ubaoni. Alama za vyema na za kosa zinawekwa, lakini hakuna mtu mzima aliyeona kwamba mtoto fulani, kila anapochukua kumi katika hesabu ya kutoa, husahau kwamba makumi yamepungua. Kosa hilo lingeweza kumalizwa kwa dakika tatu kando ya meza ya mwalimu. Lisipoonekana, litamfuata mtoto hadi kwenye kugawanya, na huko ataambiwa kwamba ana kichwa kizito.

Ufundishaji wenyewe nao hubadilika. Kipindi cha dakika 40 kikigawanywa kwa watoto 80, kila mmoja anapata nusu dakika, na hapo sijahesabu muda wa kuwanyamazisha wala wa kugawa vitabu. Kwa hiyo mwalimu hukimbilia kuitikiwa kwa pamoja, na sauti za wanaojua huwafunika wasiojua. Nilipata kumfundisha mtoto wa darasa la pili aliyesoma ukurasa mzima pamoja na wenzake bila kukosea. Nilipomketisha peke yake nikagundua kwamba ameukariri, kwani kila herufi niliyoiwekea kidole hakuitambua. Alikuwa amekaa nyuma, mpole, hasumbui mtu, na kwa miezi kadhaa nilimhesabu miongoni mwa wanaojua kusoma. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Wapo wanaosema kwamba mwalimu hodari hashindwi na idadi. Katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, kuanzia 1985 hadi 1989, lilifanyika jaribio kubwa ambamo watoto wa madarasa ya chini na walimu wao waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakiwa katika madarasa ya watoto 13 hadi 17 na wengine katika ya 22 hadi 25. Waliokuwa katika madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa familia maskini. Kumwongezea mwalimu msaidizi katika darasa kubwa hakukuleta tofauti ya maana.

Hata hivyo, haraka nayo ina madhara yake. Jimbo la California lilipoanza mwaka 1996 kupunguza madarasa ya chini hadi wanafunzi 20, shule zililazimika kuajiri walimu wengi wasio na sifa kamili, na baadhi zikageuza maktaba kuwa madarasa. Ujenzi wa vyumba usiotanguliwa na maandalizi ya walimu ni nusu ya kazi.

Lipo jambo jingine linalofichwa na takwimu, nalo ni wastani. Shule yenye wanafunzi 900 na walimu 20 itaripoti mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na msomaji ataridhika. Katika shule hiyohiyo darasa la kwanza linaweza kuwa na watoto 110 katika chumba kimoja, huku darasa la mwisho likiwa na 30, kwa kuwa wengine walikwisha kuacha shule njiani. Wakati mwingine walimu wenye uzoefu hupelekwa kwenye madarasa ya mitihani, na wadogo wanaojifunza kusoma huachiwa mwalimu mgeni kazini. Kwa maoni yangu, huko ni kuanza kujenga nyumba kwa paa.

Naomba basi wenye mamlaka ya elimu watangaze kila mwaka idadi ya wanafunzi katika kila darasa la kila shule, na si wastani wa eneo zima. Walimu wa nyongeza, hasa wenye uzoefu, wapelekwe kwanza kwenye madarasa mawili ya mwanzo. Na ratiba ya mwalimu itenge vipindi vya kusahihisha, vihesabiwe kuwa kazi kama vile vya kufundisha. Nawe Mhariri, nakuomba uwatume waandishi wako mashuleni wakafungue madaftari ya watoto, wahesabu kurasa ambazo hazijaguswa na kalamu ya mwalimu.

Wako,
Mwalimu wa shule ya msingi