Nimuombe baba yako kitu

Shoga yangu Zuhura,

Salaam aleikum. Sisi wazima, ila baridi ya huku haina dini. Nimekupigia hupokei, nikaona bora nikuandikie, utasoma ukiwa kwenye daladala.

Nina shida, na shida yenyewe iko kwa baba yako. Idrisa kapewa kazi shuleni, aandike habari za timu ya taifa ya Marekani ya hoki ya barafu, ile ya Olimpiki ya mwaka 1980. Shoga, hapa Minnesota usiichezee hiyo habari. Wachezaji walikuwa 20, na 12 kati yao ni watoto wa huku huku. Kocha wao, Herb Brooks, ni mzaliwa wa hapa St. Paul, na sanamu yake iko mjini, kanyanyua mikono. Yeye mwenyewe alikatwa jina dakika za mwisho kwenye timu ya 1960, kisha wenzake wakaenda wakachukua dhahabu bila yeye. Hapo ndipo ninapomwelewa yule mzee na ukali wake wote.

Basi mtoto kanikalisha nitazame mechi nzima. Ni Olimpiki ya Lake Placid, tarehe 22 Februari, Marekani na Wasovieti. Vijana wengi wa vyuo, na wale wenzao walishabeba dhahabu nne mfululizo. Wiki mbili kabla walikuwa wamewachapa hao vijana 10-3 New York! Ni kama umewachukua watoto wa UMISETA ukawapangia Al Ahly. Sasa tazama: kipindi cha kwanza kinakwisha, Wasovieti wanaongoza 2-1, wameshalegea wanasubiri kengele, mara Mark Johnson wa Marekani huyo, anapenya katikati yao, anafunga, imebaki sekunde moja. Kocha wa Wasovieti akakasirika akamtoa golikipa wake Tretiak, golikipa bora duniani! Mpaka leo watu wanauliza kwa nini. Mwisho Marekani 4-3, la ushindi kafunga nahodha wao Eruzione zikiwa zimebaki dakika kumi, na dakika kumi zile, wallahi, mimi nisiyeujua mchezo nilisimama. Na hapo dhahabu bado, ilibidi wawafunge Wafini Jumapili.

Ningekuwa mimi ningemwandikisha ya timu ya wanawake. Mwaka 2017 walikataa kwenda kwenye mashindano ya dunia mpaka walipwe vizuri, wakakubaliwa siku chache kabla ya kuanza, wakaenda wakachukua ubingwa. Lakini nani ananisikiliza humu ndani.

Turudi kwa baba. Karatasi ya shule inataja Wasovieti kuvamia Afghanistan, inataja Rais Carter wa Marekani kususia Olimpiki ya Moscow kwa sababu hiyo, Dar es Salaam haimo hata kwa bahati mbaya. Wakati mwezi ule ule wa Februari Carter alimtuma bondia Muhammad Ali Afrika kutushawishi na sisi tususe, akaanzia Dar, na Mwalimu akakataa kuonana naye! Ali, jamani! Kenya wakasusia, sisi tukaenda, wanariadha wetu Bayi na Nyambui wakarudi na medali zao za fedha. Na sisi tulipoacha Olimpiki ya Montreal 1976 kwa sababu ya Nyuzilandi kucheza raga na makaburu, Wamarekani walikwenda kukimbia kama kawaida. Nimemwambia Idrisa hayo yote yaingie, ananijibu, "Mama, mwalimu kasema hoki." Hoki ndiyo hiyo hiyo! Bila ugomvi ule, nani angelia kwa mechi ya barafuni?

Sasa baba yako, si alikuwa akisimulia pale barazani Magomeni kwamba alimwona Ali siku ile? Mwambie amrekodie mjukuu wake sauti kwenye simu, dakika tano tu. Watu walikuwa wanasema nini mitaani? Walimkasirikia, au walikuwa wanamkimbilia wamshike mkono? Yeye alikuwa upande gani? Asiogope kurefusha, namjua. Kazi inatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Na wewe? Mguu wa mama unaendeleaje? Ni kweli Mwajuma kaacha kazi benki, au ni maneno ya Asha? Zamu yangu ya kikoba imefika au mmenirukia tena? Na simu hupokei kwa nini?

Wako,
Mama Idrisa