Riwaya isiyo na karatasi nayo ihakikiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimsemee mwandishi mwenzangu, ambaye hivi karibuni ametoa riwaya yake ya kwanza ya upelelezi kwa njia ya kielektroniki pekee, bila nakala hata moja ya karatasi. Jina lake na la kitabu nimeliandikia dawati lako la utamaduni katika barua tofauti, kwa sababu ukurasa huu si wa matangazo, na ni haki wasomaji wajue kuwa tunafahamiana.

Hadithi inaanzia Mtwara, ndani ya ghala la korosho, ambako mnunuzi mmoja anakutwa amekufa katikati ya magunia. Polisi wanamkamata mlinzi, kwa kuwa funguo alikuwa nazo yeye. Anayeifumbua kesi si inspekta wala jasusi, bali karani wa mizani, mama wa makamo aliyezoea kuulizwa uzito na kamwe si maoni yake. Anazilaza mezani stakabadhi mbili za shehena moja, ya siku ilipopokelewa na ya wiki kadhaa baadaye, na kukuta uzito ni uleule mpaka kilo ya mwisho. Aliyewahi kufanya kazi ghalani anajua kwamba korosho ghafi zikikaa hukauka na uzito wake hupungua. Basi, ama magunia ya mara ya pili hayakuwa yale ya mwanzo, ama hayakupandishwa mizanini kabisa. Naishia hapo nisije nikawaharibia wasomaji uhondo.

Nilipofika ukurasa huo nilimkumbuka Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyeshinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58 kwa riwaya iliyochapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Mpelelezi wake Bwana Msa, kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, alifumbua mafumbo kwa kutazama na kufikiri. Katika miaka ya 1970 akaja Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, na upelelezi wetu ukahamia kwenye bastola, magari ya kasi na warembo wa kutiliwa shaka. Sizibezi riwaya hizo, ambazo wengi wetu tulizisoma kwa kuzificha chini ya dawati. Ila waigaji walizidi, hata mpelelezi asiyejua kupiga ngumi akaonekana hafai kuandikiwa kitabu. Mwenzangu amerudi kwenye njia ya Bwana Msa bila kumwiga, na hilo ndilo ninalolisifia.

Kasoro zipo. Mhalifu, akishabanwa, anajieleza kwa hotuba ndefu mno, kana kwamba alikuwa akiisubiri siku hiyo. Na makosa ya chapa yaliyobaki yangeondolewa na msanifu wa lugha wa kulipwa, ambaye mwandishi anayetoa kitabu kwa fedha zake mwenyewe ni nadra kummudu.

Linalonisumbua zaidi, Mhariri, ni desturi ya magazeti yetu kutokihesabu kitabu mpaka kiwe na jalada la kushikika. Abiria wa daladala wanasoma simulizi kwenye simu na kuzilipia kwa simu hiyohiyo, lakini hakuna mhakiki anayewaambia ipi imeandikwa kwa uangalifu na ipi imelipuliwa. Matokeo yake wanapokea chochote kinachorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, mara nyingi nakala za wizi ambazo mwandishi hapati hata senti. Abdulla mwenyewe alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima wakati riwaya yake ilipotoka, kwa hiyo riwaya ya upelelezi si mgeni katika vyumba vya habari.

Ombi langu ni kwamba kitabu hiki kipewe mhakiki asiyemfahamu mwandishi, naye akiseme kwa ukali ule ule anaoutumia kwa vitabu vya madukani. Mwandishi ameridhia nitume nakala moja kwa kazi hiyo, na iwapo faili lake halitafunguka kwenye kompyuta za ofisi, nitalituma tena kwa mfumo wa PDF.

Msomaji wako,
Tanga