Barua ya kufunga muhula wa pili 2024, kwa wazazi na walezi wote

Ndugu wazazi na walezi,

Wazee wangu shikamooni, na wa rika langu poleni na mihangaiko ya korosho. Najua wengi mtaisoma hii kwenye simu mkiwa kwenye foleni ya benki. Asiye na simu nakala ipo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na nyingine nimebandika pale mashineni, kwahiyo mwezi wa kwanza asije mtu kuniambia taarifa haikumfikia.

Nianze na lile ambalo hata mtoto wa awali anaweza kuwasimulia. Darasa la saba wametutoa kimasomaso! Siku matokeo yanatoka mwishoni mwa Oktoba nilikuwa nimesimama juu ya kile kichuguu nyuma ya jiko, sababu mnajua ndo pekee mtandao unashika, walimu wamenizunguka kila mtu anataka kuchungulia, ukurasa unafunguka nusu unagoma, unafunguka unagoma, mpaka mwalimu wa Hisabati akaninyang'anya simu. Wamefaulu wote isipokuwa watatu. Kata nzima sisi ndo wa kwanza, na wale jirani zetu wenye madarasa ya vigae na uzio wa matofali wapo nyuma yetu, siringi, nataarifu tu. Na hiyo Hisabati ambayo miaka yote ilikuwa inatuzamisha safari hii tuna watoto wenye A, tena mabinti.

Hayakuja kwa bahati. Toka mwezi wa sita wale watoto walikuwa kambi, wanalala madarasani kwenye mikeka mliyoleta wenyewe, akina mama wanapika kwa zamu kitongoji kwa kitongoji, na fundi wetu mmoja wa hapa kijijini akatufungia taa za sola bila kudai hata senti ya soda. Mwalimu wa Hisabati alikuwa ametoka likizo ya uzazi, alikuja vipindi vya usiku na kichanga mgongoni, anaandika mlinganyo ubaoni huku anabembeleza. Mimi nimefundisha shule kadhaa huku Kusini na sijawahi kuona hivyo.

Yupo kijana mmoja, wa upande wa mabondeni kule, mnamjua. Huyu alirudia darasa la nne sababu upimaji ulimkuta hajui kuunganisha silabi, wenzake wakawa wanamcheka mpaka akataka kuacha akachunge mbuzi. Bibi yake ndo alikuwa anamshika mkono kila asubuhi anamleta mpaka getini, anakaa chini ya mwembe mpaka kengele igongwe ndo anaondoka, akihofia asitoroke. Kijana kapata B. Bibi kaja ofisini na kuku na karanga kwenye kitambaa, hakusema kitu, kanishika mikono miwili kaondoka zake. Kuku nimempa mwalimu wa kambi, karanga tumekula walimu wote, bibi asante sana.

Ila kati ya wale watatu, mmoja aliniumiza na nalisema hapa sababu nimeshalisema kwenye kikao watu wakainamisha vichwa. Mtoto alikuwa wa kumi bora kwenye moko ya wilaya. Kwenye mtihani wenyewe kapaka weusi kwenye fomu bila hata kusoma maswali. Nilipomuuliza akalia, akasema nyumbani ameambiwa akifaulu hakuna wa kumnunulia yunifomu, bora afeli akaokote korosho. Mzazi mwenye akili timamu anamwambia mtoto maneno hayo? Msimu wenyewe ndo huu ambao mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, mwezi wa kumi bei ya korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo! Uchaguzi wa kidato cha kwanza utatoka muda wowote kuanzia sasa, waliofaulu waanze kununuliwa viatu na madaftari wakati pesa bado ipo mkononi, msisubiri Januari mje kunililia. Na kwa wale wanaoanza kuleta wageni nyumbani kumwangalia binti, sheria ya elimu ilirekebishwa 2016, kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Nitapeleka jina polisi mwenyewe na chai nitakuja kunywa kwako kama kawaida.

Darasa la nne wamefanya upimaji vizuri, matokeo Januari. Vyoo vya wasichana vimekamilika. Kidumu cha maji na fagio la chelewa vinaendelea kama zamani, uwanda huu wetu hauna maji mnajua, mtoto asiye na kidumu anachelewesha wenzake. Kucha na nywele nitakagua mwenyewe siku ya kwanza ya paredi.

Wengi mmeniuliza kuhusu mtaala mpya. Ni hivi, watoto walioanza darasa la tatu mwaka huu wapo kwenye mtaala mpya, wao wataishia darasa la sita 2027. Walio darasa la nne mwaka huu wapo kwenye ule wa zamani, nao watamaliza la saba hiyohiyo 2027. Maana yake mwaka huo zinatoka darasa mbili kwa mpigo na zote zinaingia sekondari pamoja, mwenye watoto wawili waliofuatana aanze kuweka akiba leo.

Sasa tuje kwenye uji.

Mkutano mkuu wa kijiji mwezi wa pili tulikubaliana wote, mikono ikanyooshwa, muhtasari upo kwa mtendaji: kila mtoto debe moja la mahindi kwa muhula, asiye na mahindi alete pesa yake, inapokelewa na mweka hazina wa kamati, sisi walimu hatushiki hela. Mpaka leo waliotoa hawafiki nusu. Nikikutana na mtu njiani naambiwa mwalimu si elimu bure? Ndugu yangu, elimu bila ada ipo toka 2016 na hakuna anayekudai ada hapa. Ruzuku inayoletwa ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka mzima, na katika hiyo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayofika kwetu ni 6,000. Chukua kalamu piga hesabu, 6,000 kwa mwaka, humo nitoe chaki, karatasi za majaribio, kufuli, kitasa, na kumlisha mtoto wako?

Mwezi wa kumi stoo ikaisha. Tukaamua uji uliobaki wanywe darasa la nne sababu wana upimaji. Nendeni mkamuulize mwalimu wa awali nini kilitokea, ikifika saa nne nusu ya darasa wamelala juu ya mabenchi, mtoto wa miaka mitano katoka nyumbani saa 12 asubuhi hajala kitu, unamfundisha nini huyo? Na wengine wametokea nyumba ambazo bodaboda mpya imeegeshwa barazani bado ina nailoni kwenye siti. Mwingine kanunua redio ya spika mbili, nyimbo zake nazisikia mpaka chumbani kwangu usiku, debe la mahindi hana. Wenye shida za kweli nawajua kwa nyumba na kamati imewasamehe, sizungumzii wao. Na wala msiogope, mtoto sitamrudisha nyumbani sababu ya mchango, serikali imekataza na mimi mwenyewe roho hainipi. Ila majina ya wasiotoa yatasomwa kwenye mkutano wa kijiji mbele ya wakwe zenu.

Mahudhurio. Januari mpaka Agosti darasa linajaa, korosho zikianza kudondoka viti vitupu. Jumatatu moja darasa la tano niliwakuta wamekaa wachache mpaka mwalimu akawahamishia mbele ndo darasa lionekane na watu. Sisemi mtoto asisaidie kazi, mimi nimekulia chini ya mikorosho, tulikuwa tunaokota alfajiri kabla ya namba na jioni baada ya shule, na Jumamosi yote. Asubuhi na jioni zipo mpaka leo, hazijaenda popote.

Na unyago. Hapa nisikilizeni vizuri maana mwaka jana nilinukuliwa vibaya. Mimi nimechezwa, mama yangu alikuwa kungwi, sina ugomvi na ngoma wala na jando la vijana. Lakini likizo ya Desemba ipo, ya mwezi wa sita ipo, sasa ni nani aliyepanga kuwaingiza mabinti ndani katikati ya Septemba mpaka wakakosa wiki mbili na nusu za masomo? Wametoka huko darasa limeshamaliza sehemu na desimali. Wenye ngoma naomba mkae na kamati ya shule kabla hamjapanga tarehe. Na mabinti wakitoka, wale manyakanga wanaowafunda wawakumbushe kwamba kuchezwa siyo ruhusa ya kuolewa, tulifundwa hivyo sisi na sijui hilo somo limepotelea wapi.

Mwisho ni hili la shamba la shule, na naomba msome mpaka chini hata kama umeshachoka.

Ile mikorosho nyuma ya uwanja wa mpira haikupandwa juzi. Ni ya tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea, baada ya Azimio la Arusha 1967, baadhi yenu ndo mliichimbia mashimo mkiwa watoto. Kila mwaka inapuliziwa salfa, inapaliliwa, zinaokotwa zinapelekwa AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika, kwa jina la shule, na hiyo pesa ndo inayonunua karatasi za mitihani ya majaribio mnayofurahia matokeo yake. Mwaka huu mwezi wa kumi na moja mwanzoni mwalimu wa zamu akaona chini ya miti kweupe, mabibo yapo, korosho hamna. Tukafikiri nyani. Tukaweka mlinzi siku tatu, nyani wakaonekana wamevaa kaptula za bluu.

Wavulana watano wa darasa la sita. Wanakuja alfajiri kabla ya wenzao, wananyonyoa korosho wanatupa bibo, wanajaza kwenye mabegi ya madaftari, madaftari wameyaficha kwenye kichaka. Pesa wanaenda kula chipsi na kuangalia mpira kwenye kibanda umiza mpaka saa 4 usiku. Wamekiri wenyewe mbele ya kamati, tena bila kupigwa. Adhabu yao ilikuwa kila siku baada ya masomo kuokota na kukausha korosho za shule mpaka msimu uishe, na wameifanya, na mmoja wao sasa ndo anayepanga magunia vizuri kuliko mlinzi. Kwa upande wa watoto nimeshafunga faili.

Ambalo sijalifunga ni la mnunuzi. Mtoto wa miaka 12 hawezi kupeleka korosho AMCOS, hana akaunti, hana namba ya mkulima. Alizipeleka kwa mtu mzima wa kijiji hiki anayenunua kangomba, yaani korosho za magendo nje ya mnada, kwa bakuli uani kwake. Mtu mzima ameona begi la shule, ameona yunifomu, ni saa moja asubuhi, akapima bakuli, akawapunja bei, akawaambia kesho leteni tena. Kangomba yenyewe imekatazwa na anajua. Na ana watoto hapa shuleni. Na kwenye kikao cha mwezi wa saba alisimama akatuhutubia robo saa nzima kwamba walimu wa siku hizi hatufundishi maadili! Mimi nikapiga makofi.

Jina nimempa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, sitaliandika hapa, ila yeye anajijua na mkewe anajua. Nilichotegemea ni aje ofisini tuongee kiutu uzima. Badala yake karusha voisi ndefu kwenye grupu la wazazi saa 5 usiku, kwamba nawatumikisha watoto wa watu, kwamba nataka korosho za shule niuze mwenyewe, na watu wazima mkamjibu kwa vikatuni vya kucheka. Hesabu ya shamba la shule ipo ukutani ofisini, gunia kwa gunia na stakabadhi zake zimebanwa kwa pini, njooni mkahakiki hata kesho. Pesa ya korosho zilizoibiwa anatakiwa airudishe kwa mweka hazina kabla shule haijafunguliwa, kamati imeshakadiria na kumwandikia barua. Asipoleta, suala linahama mikononi mwangu na sitakuwa na uwezo wa kulirudisha nyuma, asije kutuma wazee wanibembeleze usiku.

Wavulana wale watano baba zao walikuja, wawili wakalia. Wale wazee nawaheshimu.

Tarehe ya kufungua imeandikwa kwenye ripoti ya mtoto, chini kulia, na ripoti irudi na sahihi ya mzazi siyo ya kaka yake, miandiko yenu naijua. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza unaendelea mpaka tufungue, njoo na mtoto mwenyewe na cheti cha kuzaliwa, kama hana cheti njoo hivyohivyo tutaandika, ni bure.

Nawatakia likizo njema, na Krismasi njema kwa wanaosherehekea.

Mwalimu Mkuu

NB: Sufuria kubwa la jikoni, lile la vishikio viwili, liliazimwa kwenye ngoma ya mwezi wa tisa halijarudi. Ukurasa wa kuazima vitu kwenye daftari la stoo umechanwa lakini mpishi anakumbuka nani alilibeba na alilibeba kwa baiskeli ya rangi gani. Liletwe kabla ya wiki kuisha, na mfuniko wake.