Kwa Nini Profoma Yetu Ina Mji wa Tatu

Sisi hufunga mifumo ya kompyuta katika miji zaidi ya mmoja, ili mmoja ukizimika mwingine uendelee na kazi. Wiki iliyopita mteja wetu alirudisha profoma, yaani makadirio ya bei, akiwa amekata kipengele cha tatu kwa wino mwekundu. Pembeni kaandika: "Seva za Dar nazielewa, za Dodoma nazielewa, hii ya Mwanza ya nini?" Kwenye simu akasema tunamwibia. Si wa kwanza kulalamika, ila neno hilo limetuuma, kwa hiyo tunajibu kwa kirefu.

Suala la Dodoma wengi hawabishani nalo siku hizi, ingawa bado wapo wanaotaka klasta ya pili, yaani kundi la seva la kushika kazi la Dar likizimika, ikae chumba cha jirani ili kuokoa pesa ya fiba. Hao huwa tunawasimulia yaliyotokea Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021. Moto ulizuka katika kituo cha OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, jengo la SBG2 likateketea lote, SBG1 likaungua sehemu, na majengo mengine mawili ya uwanja huohuo yakazimwa. Wapo wateja waliopoteza data pamoja na nakala zake rudufu, kwa kuwa vyote vilikaa mahali pamoja.

Umbali nao una gharama yake. Ndani ya fiba mwanga hukimbia kama kilometa 200 kwa milisekunde moja. Kwenda Dodoma na kurudi ni zaidi ya milisekunde 4, hapo vifaa vya njiani havijachukua muda wao. Ndiyo maana tunakuuliza mapema: kila muamala usubiri Dodoma ithibitishe kuupokea, au Dar imalize kazi na Dodoma ifuate nyuma kwa sekunde kadhaa? Ukisubiri, mfumo unakuwa mzito kidogo lakini hakuna kinachopotea. Usiposubiri, Dar ikiungua, sekunde zile zimekwenda na risiti zake. Jibu lako tunaliandika kwenye mkataba, unatia sahihi.

Sasa Mwanza. Miaka kadhaa nyuma tulifunga mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Walikubali miji miwili, wa tatu wakaukataa, nasi tukakubali kwa shingo upande. Siku moja tingatinga la ujenzi wa barabara likakata fiba. Dar ilikuwa nzima, Dodoma nayo nzima, ila hazikuonana. Dodoma ikaamini Dar imekufa, ikajitangaza kuwa mkuu, yaani ndiyo ya kupokea miamala. Dar haikuacha kazi. Kwa saa tano matawi mengine yaliandika Dar, mengine Dodoma, na kila upande ukatoa risiti zenye namba zilezile. Fiba iliunganishwa jioni ileile, lakini wahasibu wao na vijana wetu walikesha wiki tatu wakilinganisha vitabu kwa mkono, mwanachama mmojammoja. Gharama ya wiki hizo tatu ilizidi ya Mwanza kwa miaka minne.

Wakubwa pia yamewakuta. Oktoba 2018, GitHub ya Marekani, huduma ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, ilikatikiwa mawasiliano kati ya vituo vyake kwa sekunde 43 tu. Hifadhidata za pwani ya mashariki zilibaki na maandishi yasiyofika magharibi, na za magharibi zikapokea mapya yasiyokuwapo mashariki. Huduma ilichukua saa 24 na dakika 11 kurudi sawa.

Mwanza ni shahidi. Ni kompyuta ndogo isiyohifadhi data ya mteja; kazi yake kupiga kura. Miji mitatu ni kura tatu, akidi ni mbili: asiyefikisha kura mbili haruhusiwi kuendelea. Dar na Dodoma zikikosa kuonana, ile inayopata kura ya shahidi inaendelea, nyingine inajifungia. Mashine yenyewe si ghali. Pesa unayoiona kwenye profoma ni ya njia: lazima Mwanza ifikiwe kutoka Dar na kutoka Dodoma kwa laini zisizolala kwenye mtaro wa ile fiba kuu. Tumewahi kukuta laini za kampuni mbili tofauti, mteja akizilipia zote, zimefukiwa shimo moja. Kwa hiyo tunatuma fundi akague njia kwa macho, na safari ya fundi inalipiwa.

Wengine hutuambia, "Basi shahidi mwekeni Dar, ofisi ipo." Hapo Dar ikizimika inaondoka na kura mbili. Dodoma inabaki na moja, inakataa kuwaka, na umelipia klasta nzima iliyokaa kimya siku uliyoihitaji.

Anayetaka bei ishuke tunaweza kumpunguzia Dodoma. Weka huko nusu ya mashine za Dar, ukubali kwamba siku ya maafa ripoti za mwisho wa mwezi zitasubiri na malipo yatatangulia. Tumewafungia hivyo wateja kadhaa, na katika zoezi la kuzima Dar, tunalofanya Jumamosi usiku mara mbili kwa mwaka mhasibu wa mteja akiwa amekaa nasi, malipo yamepita. Profoma ya namna hiyo tumeshamwandalia mteja wetu wa wino mwekundu. Kipengele cha tatu tumekirudisha palepale.