Wingi wa watu peke yake hauelezi hewa ukaa

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu mwaka wa 12 huu na sijawahi kuwaandikia hata mstari, lakini ile ripoti yenu ya nchi zinazochafua hewa imenishinda. Uchina mmeiweka ya kwanza, Marekani ya pili, India ya tatu, mkamalizia kwamba chanzo ni wingi wa watu. Basi, hamkuuliza kingine.

Juzi binti yangu karudi na karatasi ya mtihani. Swali lilikuwa kwa nini nchi zinatofautiana kwenye hewa ukaa, yaani ile gesi inayotoka tukichoma mafuta, gesi na makaa na kuongeza joto duniani, yeye kajibu "kwa sababu wengine wanazaa sana", kapewa tiki na alama zote. Nikamuuliza umeyatoa wapi haya, akanitolea kipande cha gazeti lenu, mwalimu aliwagawia. Tukakaa mezani na kalkuleta ya simu tukagawanya tani kwa watu. Mhindi anapata kama tani 2 kwa mwaka, Mchina kama 8, Mmarekani karibu 14. Qatar inapita 35, na watu wake ni kama milioni 3 tu! Mtoto akaniangalia, akasema kumbe nimekosa. Nikakosa la kumwambia maana tiki ipo pale pale.

Sikatai, watu wakiwa wengi inachangia, lakini kuna kipato, kuna viwanda vya aina gani, na kubwa zaidi kuna umeme unatoka wapi. Waangalieni Wafaransa na Wajerumani, majirani, wote wana hela, wote wana magari na baridi inawapiga, lakini Mfaransa ni kama tani 4 na Mjerumani ni kama 7, kwa sababu Ufaransa umeme wake mwingi ni wa nyuklia, usiotoa hewa ukaa unapozalishwa, na Ujerumani bado inachoma makaa ya mawe, na vinu vyake vya mwisho vya nyuklia ilivizima Aprili 2023. Halafu nimegeuza chaja ya simu yangu, nyuma imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba imetengenezwa Uchina, yaani moshi wa kile kiwanda kaandikiwa Mchina na chaja natumia mimi! Halafu hii hewa haiishi mwaka uleule, nyingine inakaa angani mamia ya miaka, na Marekani peke yake imetoa kama robo ya yote iliyotokana na mafuta, gesi na makaa tangu viwanda vianze, wakati Afrika nzima na watu wake wote haifiki asilimia 5 ya inayotoka kwa mwaka. Sasa huyo anayezaa sana ni nani?

Na ile picha jamani. Minara minene inatoa wingu jeupe, chini mmeandika "moshi wa kaboni". Ule ni mvuke wa maji, ile ni minara ya kupozea mitambo ya umeme, hata vinu vya nyuklia vinayo. Hewa ukaa haionekani kwa macho. Na kila mwaka mnatuwekea ileile.

Naomba jedwali lichapwe upya, ukurasa uleule, safu 4 zenye herufi saizi moja: jumla ya nchi, kwa kila mtu, tangu 1850, na ya bidhaa zinazonunuliwa nje. Picha ya minara ifuteni kabisa kwenye kompyuta zenu. Mkishachapa nitampelekea mwalimu nakala mimi mwenyewe, na alama za binti yangu azipunguze tu.

Mzazi, msomaji wenu